Mwanafunzi wa Arobaini

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kitengela kuna kondoo jike mmoja, na majirani hawaishi kuniuliza nitamchinja lini. Huwaambia bado. Wananicheka, na wana haki, maana mwanamke mzima mwenye mvi kichwani, anayevaa viatu vya ofisi, anaonekana kila jioni akikata nyasi kando ya barabara na kuzibeba kwa gunia hadi kwenye ploti ya hamsini kwa mia ambayo haina hata nafasi ya kuanika shuka. Kondoo mwenyewe ni mtulivu, hana shida na mtu. Nilimnunua soko la Isinya kwa sababu ya mazishi ya mzee mmoja, nikampeleka mpaka upande wa Kajiado kwa pikapu ya kukodi, na jioni ile ile nikarudi naye. Mpaka leo sijamweleza mtu kwa nini nilirudi naye. Nataka kueleza sasa, na siwezi bila kurudi kwenye mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa karani wa usajili katika chuo kikuu cha serikali kilichokuwa juu ya bucha.

Mambo ya kwetu Ukambani nitayaruka, hayana makosa yoyote. Jina la chuo pia sitalitaja, wala la kile kingine. Watu wa Kitengela wenyewe hawakuwa na haja ya majina hayo. Sisi tulikuwa Juu ya Bucha, wale wa ng'ambo ya barabara ya Namanga walikuwa Juu ya Hardware, na mtu akikuuliza mtoto wako anasomea wapi, ulimjibu hivyo na akakuelewa. Vyote viwili vilikuwa vyuo vya serikali. Zamani serikali ilivilisha vyuo vyake yenyewe, vitanda, vitabu, hata maziwa ya chai. Halafu mgao ukaanza kupungua, kila mwaka kidogo, mpaka wakubwa wakaambiwa wajitafutie. Wakajitafutia kweli. Wakafungua masomo ya kujilipia, yale watu waliita parallel, na kwa kuwa wazazi wenye karo hawakuwa wote Nairobi, vyuo vikawafuata hadi kwenye miji ya barabarani na kukodi orofa juu ya maduka. Mkurugenzi wetu, mwalimu wa botania aliyeitwa Daktari Wafula, alipenda kusema tumeachiliwa kama kuku wa kienyeji, kila mmoja akwaruze chakula chake. Alikuwa akisema hivyo huku anatafuna mahindi ya kuchemsha ofisini, kwa sababu mshahara wake wa mwezi uliopita ulikuwa haujaingia.

Kampasi yetu, tukiiita hivyo kwa heshima, ilikuwa vyumba vitatu na korido. Viwili vilikuwa madarasa. Cha tatu kilikatwa katikati kwa plaiwudi: upande mmoja Daktari, upande mwingine mimi, faili zangu na birika la chai. Chini yetu Lekishon, mwenye bucha, alikuwa akipasua mifupa kwa shoka, na kila pigo lilipanda kwa nguzo mpaka kalamu zangu zikaruka mezani. Wahadhiri walijifunza kunyamaza shoka likianguka, kisha wakaendelea na somo. Ng'ambo walikuwa na kompyuta sita na jenereta. Sisi tulikuwa na hadubini mbili na tangi la maji. Walipotundika bango kubwa, Daktari aliagiza kubwa zaidi. Walipoanza kuwapa wageni soda, mimi nikatumwa kununua mandazi. Najua inachekesha, na hata mimi nilicheka, lakini ile hardware niliichukia kwa moyo wangu wote. Nikiona mzazi amesimama kando ya barabara akitazama mabango mawili, nilishika fremu ya dirisha na kumwambia kimoyomoyo, njoo huku, njoo huku. Akienda kule, chakula changu cha mchana hakikushuka vizuri.

Na karani wao nilikuwa naishi naye. Rose na mimi tulikutana kwenye ploti moja ya mawe nyuma ya kituo cha mafuta, kila mmoja akitafuta chumba na hakuna aliyekiweza peke yake, basi tukakigawana. Vitanda viwili, pazia katikati, jiko la makaa mlangoni, redio yake, sufuria zangu. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mwanya, msemaji, na ugali wake ulikuwa uji. Kwa hivyo mimi nilipika na yeye akaosha. Tulikuwa na sheria moja tu, kwamba mambo ya kazi yaishie kwa barabara. Jioni tulikula muthokoi, mahindi yangu ya kukoboa, au siku alizojaribu yeye, chapati zake zilizoungua, tukazungumza juu ya viatu, juu ya wanaume, na juu ya mwenye ploti aliyekuwa akihesabu ndoo zetu za maji. Siku moja tu Rose aliivunja ile sheria kwa mchezo. "Ndunge," akasema, "hizi vyuo zetu ni watoto wa mama mmoja, na mama amekataa kupika. Ndio maana wanapigania sufuria." Nikamwambia hiyo ni kazi, aoshe vyombo. Akaosha akicheka. Nimekaa na watu wengi tangu wakati huo na sijapata tena mtu wa kuosha vyombo akicheka.

Yule mzee aliingia ofisini kwetu wakati wa mvua za kwanza za mwaka ule, amevaa koti zito juu ya shuka, na nyuma yake binti yake Silantoi, mwembamba, macho chini, amekumbatia bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na vumbi na vipande vya karatasi. Kilikuwa cheti chake cha kidato cha nne. Kilifungiwa kwenye sanduku la mbao kwao, upande wa Kajiado, na mchwa wakakila. Alikuwa amepasi vizuri sana, hasa biolojia, na alitaka kusomea kazi ya maabara ya hospitali, lakini hakuna chuo kingemwandikisha kwa vumbi. Mzee aliniambia amepita ofisi nyingi na kila mahali wanamwambia arudi wiki ijayo. Sijui kwa nini nilimhurumia kuliko wengine. Labda ni vile alivyokunja ile bahasha tena kwa uangalifu, kana kwamba vipande vingeumia. Nilimwambia aniachie binti yake siku mbili. Zikawa tatu. Tulikwenda Nairobi na kurudi, tukakaa kwenye mabenchi ya ofisi za mitihani, tukala ndizi na mkate, Silantoi akaniuliza maswali mia kuhusu damu na hadubini, na siku ya tatu tukapewa barua yenye muhuri ya kuthibitisha matokeo yake. Hicho ndicho kitu kizuri nilichokifanya mwaka ule, na ndicho kilichoniletea mengine yote.

Wiki iliyofuata mzee alikuja tena, akashusha kondoo jike mwenye mkia mnene mbele ya bucha, na mbele ya watu wote akanishikisha kamba. Sikujua nifanye nini na kondoo. Nilimfunga kwa ploti siku mbili, mwenye ploti akapiga kelele, na siku ya tatu mimi na Rose tukamrudisha kwa Lekishon atuchinjie. Tulisimama pale na karai. Lekishon alimaliza kazi, akaanza kutufungia nyama kwa gazeti, ndipo akauliza kondoo ametoka wapi. Nikamwambia. Akapangusa kisu polepole kwa aproni.

"Alikupatia kamba mkononi? Watu wakiona?"

"Ndio."

"Basi, mama, hiyo haikuwa nyama. Hiyo ni ya kukaa na wewe, izae. Huyo mzee hatakuita jina lako tena. Atakuita Pakerr, na wewe utamwita Pakerr. Ni kondoo imewafunga pamoja."

Rose akauliza, "Na kama tumeshaichinja?"

"Mmeichinja," Lekishon akasema, "lakini wewe na mzee bado ni Pakerr. Pakerr haidanganyi Pakerr. Ni hiyo tu." Akaturudishia karai.

Tulimla wiki nzima. Mafuta ya mkia tulikaangia sukuma wiki, na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Tulicheka pia, Rose akiniita Pakerr kila akitaka chumvi. Lakini mzee aliporudi na kunisalimia "Takwenya", nami nikajibu "Iko" kama Lekishon alivyonifundisha, neno la pili kutoka kinywani mwake lilikuwa, "Pakerr, kondoo inaendelea?" Ningemwambia ukweli angecheka, nafikiri sasa. Mtu wa Ukambani hajui mambo ya Wamaasai, makosa ya kawaida. Lakini niliona haya, nikasema inaendelea vizuri. Mara iliyofuata akauliza kama amezaa. Nikamwambia amezaa. "Jike ama dume?" Nikasema jike. Alifurahi sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu siku hiyo nilikuwa na zizi zima kichwani mwangu, na kila alipokuja kuuliza habari za masomo nililiongeza kidogo.

Mwezi wa saba akaniambia ameuza kipande cha shamba, kile kinachogusa barabara, kwa watu wa kuchimba mawe. Ilikuwa karo ya Silantoi ya miaka yote miwili. Kakake mzee alikuwa amemwambia auze ng'ombe badala yake, akakataa, kwa sababu ng'ombe mwaka ule walikuwa wamekonda kwa ukame. "Ardhi haikondi," akaniambia, akacheka mwenyewe. Aliuliza darasa linaanza lini. Nikamwambia Septemba, likijaa.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Makao makuu walikuwa wametuambia diploma ya maabara lazima iwe na wanafunzi arobaini, la sivyo darasa halifunguliwi. Na darasa lisipofunguliwa, orofa nzima itarudishwa kwa mwenye jengo, kwa sababu kampasi yetu ilitakiwa kupeleka pesa makao makuu, siyo kuzila. Pesa zetu, Daktari alinieleza, ndizo zilizokuwa zinalipa maji na mishahara kule ambako serikali ilikuwa imeacha kulipa. Ng'ambo walifungua diploma hiyo hiyo, na wenyewe walikuwa na kibali cha bodi ya taaluma, ile inayoamua nani anaruhusiwa kugusa damu ya mgonjwa hospitalini. Walikiweka kwa fremu ukutani. Nilijua kwa sababu wazazi walituuliza, na yenu iko wapi? Tukawajibu iko kwa Daktari, ndani.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya usajili nilikuwa naandaa chai, Daktari akizungumza kwa simu nyuma ya plaiwudi. Mtu wa ofisi ile hakuhitaji kutega sikio. Nilimsikia akisema, "Kwa hivyo wamekataa? Wamekataa ama wamesema tungoje?" Akasikiliza. Kisha, "Hadubini mbili, ndio. Hakuna friji. Nilisema tangu mwanzo." Akasikiliza tena. "Sasa niwaambie nini hawa thelathini na tisa?" Halafu sauti yake ikashuka, akasema, "Sawa, prof. Tufungue tu. Sawa." Alipotoka alinikuta na birika mkononi. Hakuwa mtu mbaya Daktari Wafula. Alikuwa na watoto shuleni na kola iliyochakaa. Akaniangalia, akaona nimesikia yote, akasema, "Ndunge, kibali kiko njiani. Usiwatishe watu wakimbilie ng'ambo. Tunataka mmoja tu." Nikamimina chai. Nilijiambia kiko njiani. Nilijiambia hivyo kwa siku nne, nikiosha uso, nikipika, nikivuka barabara, na nilijua ni uongo kila mara.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mzee akapanda ngazi na Silantoi amevaa sweta mpya ya bluu. Nikajua nani atakuwa wa arobaini. Mzee akaniambia wanashuka benki kuweka karo, watarudi na risiti. Nikamwekea chai kwenye kikombe cha wageni, nikakifunika kwa kisahani, nikakaa kusubiri. Benki ilikuwa karibu, nyumba ya nne kutoka kwa bucha. Walichukua zaidi ya saa moja. Shoka la Lekishon likapiga, likanyamaza, likapiga tena. Wakati wote huo nilikuwa na maneno matatu mdomoni, na leo bado nina uwezo wa kuyaonja: Pakerr, vuka barabara. Ni hayo tu. Masomo yale yale, karo karibu ile ile, hatua hamsini. Ningepoteza kazi na chumba. Ningeshindwa na hardware. Naandika hivi kwa sababu nataka ijulikane kwamba hilo la pili liliniuma zaidi ya lile la kwanza.

Waliporudi, Silantoi alikuwa na macho mekundu, nikadhani ni vumbi la malori ya mawe. Mzee hakukaa. Alisimama mbele ya meza yangu na fimbo yake, risiti mkononi, bila kunipa.

"Pakerr."

"Ndio, Pakerr."

"Hii masomo yenu ni mzuri?"

"Ni mzuri."

"Akimaliza, hospitali itamchukua?"

Nikamtazama usoni, nikasema, "Itamchukua."

"Basi," akasema, akaweka risiti mezani. Kisha akachukua ile chai. Nilimwambia ngoja nimimine moto, hiyo imepoa. "Hapana, hii iko sawa," akajibu, akainywa yote kwa mara moja, amesimama. Nyuma ya plaiwudi Daktari alikuwa anapiga makofi ya chinichini. Mchana alituagizia mbavu kutoka kwa Lekishon, na mimi nikala.

Jioni ile nilimkuta Rose amekaa kitandani, vyombo vya asubuhi vimeshaoshwa, redio imezimwa. Akavunja sheria yetu kwa mara ya pili. "Mlifika arobaini?" Nikasema tulifika, na sikuficha furaha. "Nani alikuwa wa mwisho?" Nikamwambia hiyo ni kazi. Alinitazama kwa muda, mpaka nikaenda kuwasha jiko bila sababu. Hakula. Wiki mbili zilizofuata alizungumza nami kuhusu maji na makaa tu, na mwisho wa mwezi akahamia kwa binamu yake bila kuaga. Nikasema kimoyomoyo, wivu. Darasa lao lilikuwa na thelathini na sita. Niliridhika na maelezo hayo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kibali hakikuja. Darasa lilifunguliwa, likasoma, likavaa majoho katika uwanja wa makao makuu, na Silantoi akashika nafasi ya pili. Hospitali ya kwanza ikauliza namba ya bodi. Ya pili vile vile. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapata kazi nyingine, kwa wakili mmoja hapa hapa Kitengela, na mzee aliniulizia mpaka akanipata. Alikuja na ile diploma ndani ya karatasi ya plastiki, haina hata mkunjo. Akaniuliza kwanza habari za kondoo. Kisha akasema, "Pakerr, wamesema karatasi haitambuliwi. Mimi nimefikiri labda ni kama ile ya mchwa. Labda unaweza kututafutia ingine." Hakukuwa na lawama hata chembe kwenye sauti yake. Nikamwambia nitafuatilia. Alinishukuru. Sikufuatilia, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kufuatilia, na badala ya kumwambia hivyo nilibadilisha namba ya simu. Aliendelea kunitumia salamu kwa Lekishon. Salimia Pakerr. Muulize kama kondoo wamekuwa wengi. Lekishon alizifikisha bila kunitazama.

Vita vyetu na hardware viliisha hivi. Makao makuu walirudisha orofa yetu kwa mwenye jengo, ikawa kanisa, halafu lojing'i. Ng'ambo nao walishikilia miaka michache zaidi, kisha pesa zikawaishia vile vile, wakashusha bango lao. Leo hii ukisimama pale kati huwezi kujua kulikuwa na chochote. Lakini lile timbo la mawe lipo. Ukipita Isinya ukielekea Kajiado utaliona upande wa kushoto, shimo lenye kuta zilizonyooka, na mvua zikinyesha linajaa maji ya kijani. Miaka yote hiyo nikiwa na safari ya huko nilikaa upande wa kulia.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Lekishon alinipigia simu. Sasa ni mzee mwenyewe, bucha ameachia wanawe. "Pakerr wako amelala," akasema. Ndipo nilipokwenda sokoni nikachagua kondoo jike bora niliyemwona, nikakodi pikapu. Nilitaka kumrudishia mzee kondoo wake, kwa mkono wa binti yake, na kusema ukweli mbele ya kaburi likiwa bado bichi. Mazishi yalikuwa ya Kikristo, hema, spika, pasta wawili. Mwenye kuongoza alipotaja wageni alisema, "Na Pakerr wa mzee amefika, kutoka Kitengela," na watu wakageuka kunitazama kwa heshima kubwa. Nilitamani kuingia chini ya kiti. Kutoka pale ulikuwa unaona ukingo wa timbo.

Silantoi nilimpata jikoni, nyumba ya mabati nyuma, akimimina chai kwenye chupa. Ni mama wa watoto watatu sasa, ana duka la dawa za mifugo mjini Kajiado, amenenepa kidogo, na macho hayaangalii chini tena. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama kama baba yake siku ile. Kwamba tangu Jumatatu nilijua. Kwamba nilisikia simu. Kwamba ng'ambo kibali kilikuwepo, na mimi nikamwambia baba yake masomo ni mazuri.

Hakuacha kumimina. "Najua, auntie," akasema.

"Unajua nini?"

"Tulivuka. Hiyo siku, kabla ya benki. Baba alisema wacha tuone na hawa wengine, sisi si vipofu. Tukapanda juu ya hardware. Kulikuwa na msichana mrefu wa mwanya. Akatuonyesha hiyo kibali kwa ukuta, akasema, Mzee, wale wa ng'ambo hawana. Karani wao ni rafiki yangu, naishi na yeye, na bado nakwambia hawana. Lete mtoto hapa." Akafunga kifuniko cha chupa. "Baba akamshukuru vizuri. Tukashuka. Nilimshika koti kwa barabara nikilia, baba, turudi kwa huyo msichana. Akasema hao ni watu wa kushindana, lazima waseme vibaya. Akasema, kule tuko na Pakerr, nitamuuliza yeye. Akisema ni mzuri, ni mzuri."

Nilishika ukuta wa mabati, ulikuwa wa moto.

"Ndio akakuuliza," Silantoi akasema. "Nilikuwa nimesimama hapo."

Niliweza tu kumwambia kwamba nje kuna kondoo, ni wake. Akapangusa mikono, akatoka nami. Kondoo alikuwa amefungwa kwenye gurudumu la pikapu. Silantoi alichuchumaa, akamfungua mdomo akaangalia meno, akampapasa tumbo kama mtu anayejua kazi yake. "Ni mzuri," akasema. "Iko na mimba." Nikafungua kamba, nikamnyoshea. Akaiangalia bila kuinua mkono.

"Nikishika hiyo kamba nitaanza kukuita vile baba alikuwa anakuita," akasema. "Siwezi, auntie." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. "Rudi naye. Mkifika Isinya umpatie maji, kuna joto."

Nilirudi naye. Rose nilimtafuta kwa wiki kadhaa, kwa watu wa kanisa lake, kwa binamu yake. Wanasema alikwenda kufanya kazi nje ya nchi, hawana namba. Kwa hivyo niko na huyu kondoo tu. Nimemjengea kibanda cha mabati ukutani, na mwenye duka la nafaka huniwekea pumba.

Alizaa Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, peke yake, nikiwa napiga pasi. Nilipotoka na ndoo ya maji nikakuta mtoto ameshasimama, mweupe, anayumbayumba kwa miguu yake. Nikachuchumaa nikamwangalia ni jike ama dume. Hakukuwa na mtu mwingine uani, majirani walikuwa wamekwenda kazini.

"Amezaa, Pakerr," nikasema kwa sauti. "Jike."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu ukweli.